Oksijeni Nzito Nyuma ya Saluni

Mama yangu haamini chupa. Mteja akiingia saluni yake hapa Gatongora na dawa ya kulainisha nywele aliyoinunua Thika, chupa imeandikwa sifa kila upande na kubandikwa picha ya mwanamke mwenye nywele za kufika kiunoni, mama huichukua, huisoma mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha hutenga nywele chache nyuma ya sikio la mteja, hupaka hapo tu, na kumwambia akae angoje. Mteja akinung'unika kwamba ana haraka, mama humwambia, "Utajuaje?" Haendelei. Kwake hilo ni swali zima. Nimelisikia tangu tukiishi Ngoliba, nilipokuwa mdogo na kumwambia kwamba wingu lile lina mvua, au kwamba mwalimu amesema. Mwalimu amesema, sawa. Utajuaje?

Kwa hiyo wenzangu wa chuo kikuu waliponilalamikia kwamba nauliza maswali mpaka kipindi kinakula saa ya chakula, niliona wananionea. Nyumbani kwetu hayo ndiyo mazungumzo ya kunywea chai.

Mtu mmoja tu chuoni hakuchoka nami, naye ni mzee aliyesimamia utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Ni mtu mwembamba wa kutoka magharibi mwa nchi, anavaa sweta hata Januari, na wakati huo alikuwa amebakiza muhula mmoja astaafu. Sote tulimwita Prof. Mimi naye tulibishana juu ya kitu kimoja kwa karibu miaka miwili, na nikisema tulibishana simaanishi tulikosana. Alikuwa akinipigia simu Jumapili baada ya kanisa ili aendeleze hoja aliyoiacha Ijumaa.

Kitu chenyewe ni kidonge cheusi, ukubwa wa shilingi ishirini, kinachofanana na kipande cha kigae kilichoungua. Unachukua unga wa metali tatu, mojawapo ikiwa shaba, unausaga kwenye kinu kidogo mpaka mkono unakufa ganzi, unaushindilia, unauoka. Kinachotoka ni oksidi, na oksidi kwa kawaida hazipitishi umeme. Ndiyo maana vile vikombe vyeupe vya juu ya nguzo za stima vinatengenezwa kwa udongo wa kuoka. Lakini hiki, ukikiongezea oksijeni kidogo zaidi ya ile ya lazima, baadhi ya elektroni huondoka mahali pake, nafasi huachwa wazi, na umeme huanza kutembea. Ukikipoza sana baada ya hapo, umeme hupita bila kupoteza chochote. Ungeuzungusha ndani ya pete ya kitu hicho uende usirudi kuutazama kwa miaka, ungeukuta bado unazunguka.

Kwa nini? Hapo ndipo Prof na mimi tulipoachana njia.

Kwa metali za kawaida kama risasi, jibu ni la zamani na sina ugomvi nalo. Elektroni ikipita kati ya atomi, inazivuta kidogo upande wake, kwa sababu zenyewe zina chaji chanya nayo ina chaji hasi. Atomi ni nzito, zinajikokota. Zikija kukaribiana, elektroni imeshaenda zake, lakini pale ilipopita pamebaki mbonyeo, mahali penye chaji chanya zaidi kidogo, na elektroni ya pili inavutwa hapo. Hivyo elektroni mbili ambazo kwa kawaida hazitakiani mema huishia kutembea pamoja, kwa sababu ya alama iliyoachwa na moja katika kiunzi cha atomi. Zikishatembea mbili mbili, hazigongi kitu.

Kwa oksidi zetu nyeusi, watu hawajakubaliana. Wengine wanasema kazi inafanywa na usumaku wa shaba, na kile kiunzi ni sakafu tu ya kuchezea. Prof alishikilia kwamba sakafu nayo inacheza. Mimi sikuwa na upande, ila mbele yake nilichukua upande wa usumaku, maana mtu akikaa peke yake na imani yake bila mpinzani anaharibika.

Njia ya kuamua ipo, na si yetu, imetumika kwingine. Kuna oksijeni nzito. Kwa tabia ni oksijeni ileile, inaungana na vitu vilevile, ila kila atomi ina uzito zaidi, na kwa hiyo inatikisika polepole zaidi. Ukibadilisha oksijeni ya ndani ya kidonge ukaweka nzito, umebadilisha sakafu bila kugusa wachezaji. Kama kiunzi hakihusiki, kidonge hakitajali. Kama kinahusika, kitataka baridi kali zaidi kidogo kabla ya kupitisha umeme bila kizuizi. Unatengeneza vidonge viwili kutoka kwenye unga mmoja, unaviziba katika mirija miwili ya glasi ngumu, mmoja na oksijeni ya kawaida, mwingine na nzito, unaviweka katika tanuri moja kwa moto mmoja. Kisha unapunguza moto taratibu sana, kwa sababu kidonge hunywa oksijeni kinapopoa. Kikipoa haraka kinabaki na kiu, na kidonge chenye kiu ni dhaifu.

Oksijeni nzito haiuzwi popote Thika. Prof alikuwa ameiomba kwa watu wengi kwa miaka mingi, mpaka mwanafunzi wake wa zamani aliyeko ng'ambo akamtumia chupa moja ya chuma, fupi kuliko thamosi. Ilitosha mrija mmoja. Tuliujaza mrija huo, tukaisikia chupa ikiisha, tukaufunga mrija kwa moto, na Prof akaitingisha chupa kama mtu anayetingisha mtungi wa gesi akitumaini. Ikawa hivyo: jaribio moja, halafu basi. Mimi sikuwa na utafiti mwingine wa kuandikia tasnifu, naye hakuwa na muhula mwingine wa kunisimamia.

Wiki iliyofuata wahadhiri wakagoma. Maabara ikafungwa kwa mnyororo.

Tanuri letu tulilijenga wenyewe kwa matofali yasiyopasuka kwa moto na waya wa kupashia joto tulioununua Thika kwa fundi wa majiko ya kuoka mikate. Liliweza kubebwa. Mlinzi akaturuhusu tulitoe, na swali likawa lipelekwe wapi. Nyumba ninayopanga ina soketi moja inayocheza. Saluni ya mama, kwa upande mwingine, imevutiwa waya mnene kwa ajili ya zile draya za kukalia chini yake, na nyuma kuna chumba kidogo cha kuwekea taulo.

Mama alikubali kwa masharti. Lisikae karibu na dawa za nywele. Mlango wa chumba ubaki umefungwa. Na mteja akiuliza, ni oveni ya keki. Sharti la mwisho lilitusumbua baadaye, kwa sababu mama mmoja wa jumuiya ya kanisa aliagiza keki ya ubatizo.

Siku tuliyowasha, Prof alikuja mwenyewe na mirija miwili ndani ya soksi za sufi. Alipomaliza kulikagua tanuri alikaribishwa chai, akakaa kwenye kochi la wateja. Hilo kochi tulihama nalo kutoka Ngoliba. Sponji yake imechoka kiasi kwamba ukikaa inazama polepole, na ukiinuka inajaa polepole zaidi. Mama alikuwa amekaa upande mmoja, Prof akakaa upande wa pili kwa adabu, mkoba magotini, akiacha nafasi kubwa katikati. Walizungumza habari za mvua. Mama akainuka kuleta chai, na hapo alipotoka pakabaki shimo. Nikamwona Prof akianza kuteleza. Alijishika, akajisogeza, akateleza tena, mpaka akatulia kabisa ndani ya shimo la mama, mkoba ukiwa bado magotini. Mama akarudi na trei akamkuta mahali pake.

"Karibu sana," akamwambia, na wateja wawili chini ya draya wakajifanya wanasoma magazeti.

Prof aliona haya, lakini macho yake yalikuwa yameshanigeukia. Alisema kwamba sasa nimeona, na kwamba asiponiona nikiandika mfano huu kwenye sura ya kwanza hatatia sahihi. Mimi sipendi mifano. Nikamwambia elektroni haikai. Kochi halina mpangilio wa safu. Nikamwambia pia kwamba mama na yeye hawana chaji.

"Wewe unamwongelesha hivyo mwalimu wako?" mama akauliza.

"Ni kawaida yetu, mama," Prof akamjibu. "Akinikubalia nitaogopa."

Nikiri kwamba nililifikiria lile kochi njiani kurudi nyumbani. Kilichonikera ni kwamba mfano ulikuwa na jambo ambalo mifano mingi ya vitabuni inalikosa: yule wa kwanza alikuwa ameshaondoka. Si kwamba walivutana. Mmoja aliacha alama, alama ikakawia, mwingine akaifuata.

Tanuri liliwaka vizuri. Kesho yake mchana moto ulikuwa bado juu, na kazi ya kuupunguza taratibu ilikuwa ndiyo kwanza ianze. Nilimwambia mama nakwenda Kimbo mara moja kumwona bwana anayepandisha ng'ombe kwa sindano, kwa sababu yeye huhifadhi mbegu za mafahali ndani ya nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kupita barafu, na nitrojeni hiyo ndiyo tungehitaji baadaye kupozea vidonge. Nilimwambia pia, kama nilivyokuwa nimemwambia asubuhi, kwamba lile tanuri asilizime kwa sababu yoyote ile. Akasema amesikia.

Nilikuwa bado Kimbo mvua ilipoanza. Haikuwa mvua ya kuangalia. Ilishuka pamoja na radi, zile za kupasuka juu ya paa. Nilijua papo hapo mama anafanya nini, kwa sababu anafanya vilevile kila mara, na si yeye peke yake. Nyumba nyingi za kwetu ziko hivyo. Anazima draya na kuchomoa nyaya zote ukutani. Anawatoa wateja karibu na dirisha, hata mwenye nusu ya kichwa imesukwa. Anachukua leso na kufunika kioo kikubwa, maana kioo huvuta radi. Hakuna anayejua nani alisema. Nikiwa mtoto nilimwuliza, "Utajuaje?" na ikawa mara moja ambayo swali langu halikupokelewa. Ngoliba radi iliingia nyumba ya jirani yetu kwa waya wa redio. Mama aliiona ile nyumba baadaye.

Nilipofika, wateja walikuwa wameondoka na kioo kilikuwa bado kimefunikwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, upande wake.

"Nimezima ile kitu yako," akasema.

Alinieleza yote bila kuficha. Alikuwa amechomoa waya, akaona halizimi, bado ni jekundu ndani. Akaogopa litachoma nyumba. Akavaa glavu, akaondoa mfuniko, akalipepea kwa trei ya chai mpaka likawa jeusi, kama mtu anavyopepea sufuria ya githeri iliyoshika chini. Alijua nilichomwambia. Alisema alisimama pale na maneno yangu kichwani, na radi ikapiga tena, na mkono ukaenda wenyewe.

"Ile hewa yenu ni hiyo tu ilikuwa imebaki, si ndiyo?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Hakulia, mama si mtu wa kulia saluni. Alianza kukunja taulo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Nilienda nyuma nikaitazama mirija. Haikuwa imepasuka. Vidonge vilikuwa ndani, vyeusi, vizuri kutazama, na nilijua vina kiu.

Nikampigia Prof. Nilimweleza kila kitu.

"Vyote viwili?" akauliza.

"Vyote viwili."

"Kwa wakati mmoja?"

"Mfuniko ni mmoja, Prof."

"Basi mama ameviharibu sawasawa," akasema. "Mwambie hivyo. Sawasawa."

Nilimwambia mama. Akauliza kama yule mzee anacheka, nikasema sidhani, na akarudi kwenye taulo zake. Jioni hiyo hakutaka nimsaidie kufunga. Wiki nzima iliyofuata hakuniuliza swali lolote, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko mirija.

Mgomo ulipoisha tulipeleka vidonge maabara. Tulivitumbukiza katika nitrojeni ya yule bwana wa ng'ombe, na kama nilivyotarajia, hakuna kilichotokea. Kidonge kilicholishwa vizuri kingekuwa kimeshaacha ukinzani wote kwa umeme kwenye baridi hiyo. Hivi vilikaa tu kama vigae. Niliandika matokeo hayo nikaanza kuzima vyombo. Prof, akiwa amevaa sweta lake, akasema tuunganishe pampu. Ukinyonya hewa ya juu ya nitrojeni, inachemka kwa nguvu na kujipoza yenyewe, na ukiendelea inaanza kuganda kama theluji. Hatukuwa na baridi nyingine ya kununua. Tukainyonya.

Mstari wa ukinzani wa kidonge cha kawaida ulianguka kwanza. Ulishuka kwenye skrini mpaka chini kabisa, ukalala. Mstari wa kile kizito ukabaki juu. Tuliendelea kupoza. Ukabaki juu. Nilianza kufikiria waya umefyatuka, ndipo nao ukaanguka. Pengo kati ya mistari miwili lilikuwa la kuonekana na mtu aliyesimama mlangoni. Katika vidonge vilivyolishwa vizuri, wote waliowahi kupima wanajua pengo hilo ni jembamba kama unywele, na ndilo lililonifanya niseme kiunzi hakihusiki. Hapa, katika vidonge vyenye kiu, uzito wa oksijeni ulikuwa unasikika waziwazi.

Prof alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hakusema alinishinda. Alisema tu kwamba kama tanuri lingepoa taratibu, tungepata unywele wetu kama kila mtu, na yeye angestaafu na unywele.

"Utajuaje?" nikamwambia.

Alikuwa akilingoja. Nikamwambia vidonge viwili, siku moja, trei moja. Huenda kimoja kilipepewa zaidi ya kingine, kikabaki na kiu zaidi, na uzito usiwe na hatia. Nikamwambia hata kama ni uzito, kitu kinachosikika zaidi pale kidonge kinapodhoofika kinaweza kuwa ndicho kinachosaidia elektroni kushikana, au kinaweza kuwa ndicho kinachozizuia njiani. Akasema hilo la pili ni swali la watu wengi na maisha marefu. La kwanza ni swali la wiki hii.

Na kwa la kwanza hatukuhitaji chupa nyingine. Oksijeni nzito iliyokuwa ndani ya kidonge ilikuwa ndani. Haiendi popote usipoifukuza. Tungeviziba upya bila kuongeza kitu, tuvibadilishe nafasi ndani ya tanuri, cha kulia kiende kushoto, tuvipashe moto, kisha tuvipoze haraka vilevile. Vingekuwa na kiu zaidi kidogo, maana moto hutoa oksijeni kidogo na kupoa haraka hakuirudishi. Kama Prof ana haki, pengo lingepanuka na cha kuanguka mwisho kingekuwa kilekile. Kama lilikuwa kosa la kupepea, mambo yangegeuka. Nami nilishikilia kwamba kila kitu kiwe kama mara ya kwanza, chumba kilekile na mkono uleule.

Nilipomwambia mama kwamba tunamtaka alizime tena, aliacha kukunja taulo.

"Mnanicheka," akasema.

Prof ndiye aliyemweleza, kwenye kochi, safari hii kila mmoja akiwa ameshika mkono wa kochi upande wake. Alimwambia kwamba yule mtoto wake hataki kuamini mpaka ajaribu nyuma ya sikio lingine. Hilo mama alilielewa mara moja. Akauliza ni lini.

Ilikuwa mchana wenye jua kali, bila wingu hata la kusingizia. Tanuri lilikuwa jekundu. Mama alisimama mbele ya soketi, mkono kwenye plagi, akasita. Alisema hawezi kuchomoa hivihivi, hakuna radi, mkono haukubali. Kisha akatuacha tumesimama, akatoka, akawaambia wateja wasogee mbali na dirisha, wakasogea huku wakitazama jua, akachukua leso akafunika kioo. Aliporudi alichomoa bila kufikiri, akavaa glavu, akaondoa mfuniko, akapepea kwa trei ileile. Prof alihesabu muda kwa saa yake. Nilikuwa nimesema kila kitu kiwe vilevile.

Pengo lilipanuka. Kile kizito ndicho kilichoanguka mwisho, tukalazimika kunyonya nitrojeni mpaka ikawa theluji tupu ili kukifikia. Prof akatia sahihi wiki yake ya mwisho kazini, baada ya kunilazimisha niongeze aya moja kuhusu kochi, ambayo watahini waliniambia niiondoe na ambayo sikuiondoa yote.

Alikuja Gatongora kutuaga rasmi, ingawa anakaa Thika tu na bado anakuja. Nilikuwa nimemtafsiria mama ule ukurasa unaoeleza jinsi vidonge vilivyopozwa. Umeme ukakatwa, mfuniko ukaondolewa, sampuli zikapepewa. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote.

"Na kioo?" akauliza. "Mbona hujaandika kioo?"

Nikamwambia kioo hakihusiki.

"Mara zote mbili kilikuwa kimefunikwa."

"Ndiyo, lakini hakihusiki, mama."

"Uliwahi kujaribu bila kukifunika?"

Nikamtazama Prof. Alikuwa ameweka kikombe chini na kushikilia mkono wa kochi, akisema taratibu kwamba kwa maoni yake hilo ni swali halali. Mama alinitazama tu, akingoja, kama anavyongoja dawa nyuma ya sikio la mteja, na mimi nikaanza kufikiria kwamba vidonge bado viko kabatini, na tanuri hatujaliondoa nyuma ya saluni.